Mwangwi Usimeze Maneno

Watu wa pwani ni watu wa maneno. Harusi haikamiliki pasipo maneno, majirani wakikosana hurushiana vijembe kwa maneno, na baharia aliye mbali na nchi kavu huipa mikono yake nguvu kwa maneno. Hata taarabu, pamoja na fidla zake na udi wake, msikilizaji wetu huitegea sikio kwanza ajue mtunzi amesema nini, kisha ndipo aseme kama sauti ilikuwa tamu.

Basi, msomaji, yafaa tuulizane: siku hizi ambapo kila wimbo hupitishwa katika mitambo kabla ya kutufikia, je, maneno hayo yanafika salama? Mafundi wa mitambo wana vikorombwezo vyao vya sauti, kama mpishi alivyo na viungo vyake. Kuna mwangwi, kuna mvumo, kuna kubana, kuchuja na kunyoosha. Pilau isiyo na bizari haina ladha, lakini bizari ikizidi mlaji hajui tena kama nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe.

Jambo hili si la starehe tu. Nimeliona likizua mzozo ndani ya nyumba moja, tena mbali kabisa na studio za mjini.

UKANDA WA NAHODHA

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kaskazini mwa Lamu, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Jina lenyewe linajieleza: ni pahali pa mikoko. Kijiji kimo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na watu wake tangu zamani ni watu wa kuvua na kulima. Kila kazi kati ya hizo ina nyimbo zake. Wakulima wa Kibajuni wana vave, ambazo huimbwa wakati wa kufyeka na kuchoma msitu kutayarisha shamba. Mabaharia wana kimayi, nyimbo za bahari. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwang'oa Wabajuni wengi katika mashamba yao ya bara, na msitu usipofyekwa, wimbo wa kufyekea hukosa pa kuimbiwa. Wazee wazijuao nyimbo hizi sawasawa wanapungua mwaka baada ya mwaka.

Katika nyumba moja hapo Mkokoni upo ukanda wa kaseti ambao jamaa wameutunza kwa muda wa miaka arubaini hivi. Babu yao, nahodha aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, aliimba kimayi barazani usiku mmoja, na mgeni mmoja akamrekodi. Mjukuu wake, kijana mwenye bidii na mapenzi mema, aliuchukua ukanda huo hadi mjini akampa fundi mmoja wa studio "ausafishe". Uliporudi ulikuwa umo ndani ya simu, na watu wakakusanyika kusikiliza.

Nilikuwapo. Mlio wa ukanda ulikuwa umetoweka, kweli. Kelele za kuku hazikuwapo tena. Sauti ya nahodha ilikuwa kubwa, imenyooka kama uzi, na nyuma yake kulikuwa na mvumo kama wa mtu aliyesimama ndani ya birika tupu. Vijana walifurahi. Binti yake nahodha, bibi wa makamo ya juu, alisikiliza mpaka mwisho, akajitanda leso yake vizuri, akasema, "Wanangu, huyu ni nani? Baba hakuimbia kisimani."

Mjukuu akajibu kwa adabu, "Bibi, ndivyo watu wasikilizavyo siku hizi. Bila ya hivi hakuna kijana atakayeusikiliza."

"Nao waliousikiliza," akauliza bibi, "wamesikia nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maana wote wawili walikuwa na haki. Wimbo usiosikilizwa hufa, na wimbo usiofahamika nao umekwisha kufa zamani. Ili tujue lawama iko wapi, hatuna budi kuvitazama vikorombwezo hivyo kimoja kimoja na kujua vinafanya nini.

MWANGWI NA MVUMO

Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Ukipiga makofi mbele ya ukuta ulio mita 17 kutoka kwako, sauti hukwenda mita 17 na kurudi mita 17, na sikio hulipokea jibu baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Huo ndio mwangwi. Lakini ukiwa ndani ya chumba, kuta ziko karibu na ni nyingi, na majibu hurudi kwa maelfu yakiwa yamechanganyika hata sikio lisiweze kuyatenga. Huo ndio mvumo.

Mtu wa Lamu anaujua mvumo hata kama hajausoma. Nyumba za mji ule zina kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na sauti ikigonga hapo hurudi. Lakini nyumba ya udongo na makuti huinywa sauti kama mchanga unywavyo maji. Na ufukweni au juu ya jahazi hakuna ukuta kabisa. Sauti hutoka ikaenda zake Bara Hindi isirudi. Ndiyo maana mwimbaji wa kimayi hukaza koo na kulitupa neno mbali: hana wa kumsaidia ila mapafu yake. Basi anayemtia nahodha ndani ya mvumo wa jumba la mawe amemhamisha makao. Yule bibi hakusomea mitambo, lakini aliposema kwamba baba yake hakuimbia kisimani alisema sawasawa na mtaalamu yeyote.

Elimu ya mvumo ilianza kupimwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliombwa atibu ukumbi mmoja wa mihadhara ambao neno moja lilidumu ndani yake kwa zaidi ya sekunde 5, likigongana na maneno yanayofuata. Usiku alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaiingiza kidogo kidogo huku akipima. Aliona kwamba kila kitu laini hula sehemu ya sauti, na mwili wa mwanadamu ukiwa mmojawapo. Kwa hiyo msikiti uliojaa siku ya Ijumaa, wenye mazulia na safu za watu, hauvumi kama ule ule msikiti ukiwa mtupu.

Baadaye waandaaji wa muziki walianza kuutafuta mvumo kwa makusudi. Mwaka 1947 Bill Putnam wa Chicago alipeleka sauti ya santuri katika chumba cha bafu, akaweka maikrofoni humo, akaichota iliporudi. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa bamba la chuma la kiasi cha mita 2 kwa 1, limening'inizwa ndani ya sanduku. Sauti hulitikisa bamba, na mtikisiko huo huwa ndio mvumo. Wengine walitumia springi, na hizo ndizo zilizotiwa ndani ya vikuza sauti vya magita.

Mwangwi nao ulipatikana kwa ukanda. Kinasa sauti kina kichwa cha kuandikia na kichwa cha kusomea, na ukanda hupita hapa kwanza, kisha pale. Ukanda ukienda inchi 7 na nusu kwa sekunde, na vichwa vikiwa vimeachana inchi moja na nusu, sauti husomwa moja ya tano ya sekunde baada ya kuandikwa. Wamarekani waliutumia sana mwangwi huo wa mkato katika miaka ya 1950. Mwaka 1974 Wajapani wa kampuni ya Roland wakatoa mtambo wa Space Echo, wenye ukanda mmoja na vichwa kadhaa vya kusomea. Leo haya yote ni hesabu ndani ya simu.

KUBANA NA KUCHUJA

Kikorombwezo cha pili ni kubana. Tuseme fundi ameweka mkono juu ya kitasa: mwimbaji akipaza, anapunguza; akinong'ona, anaongeza. Mtambo hufanya hivyo wenyewe, tena kwa haraka kuliko mkono. Matokeo ni sauti iliyo sawa mwanzo hadi mwisho. Kwa matangazo ya biashara redioni ni jambo la faida, kwani tangazo husikika hata katika matatu yenye kelele. Lakini kubana kukizidi, kuna hasara mbili. Kwanza, tofauti ya kupaza na kunong'ona hupotea, na kimayi huishi kwa tofauti hiyo: kuna pa kuita na pa kujibu, pa kuvuta na pa kupumzika. Pili, palipokuwa kimya huinuliwa pia, na kwa hiyo upepo, mawimbi na pumzi huja mbele.

Hapo ndipo fundi anapokimbilia kuchuja. Kila sauti ina unene na wembamba wake. Irabu zetu, a, e, i, o, u, nguvu zake nyingi zimo katika sauti nene na za kati. Konsonanti kama s, f, sh na ch alama zake zimo juu, katika mitikisiko elfu kadhaa kwa sekunde. Mlio wa ukanda wa kaseti, ule wa "shshsh", nao umo huko huko juu. Chujio halina akili ya kujua kwamba hii ni kelele na ile ni herufi.

Sasa turudi katika ukanda wa nahodha. Katika wimbo wake kuna mahali amelichezea neno "kaa". Wasemaji wa Kiswahili cha pwani, hasa cha kaskazini, wanajua kwamba kaa wa mikokoni hutamkwa kwa kutoa pumzi baada ya k, na kaa la moto hutamkwa bila ya pumzi. Ndivyo ilivyo kwa paa wa porini na paa la nyumba. Herufi zetu za Kirumi hazionyeshi tofauti hiyo. Sikio peke yake ndilo linaloijua. Nahodha alitaja kaa wa kwanza kwa pumzi na wa pili bila ya pumzi, na fumbo lote lilikuwa hapo.

Kwa chujio, pumzi ile ni mlio mwembamba wa hewa, ndugu yake mlio wa ukanda. Likazifuta zote mbili. Katika ile nakala iliyosafishwa makaa yote yakawa ya moto, na wimbo wa mafumbo ukawa wimbo wa mtu anayerudia neno. Tulipoutia ukanda wenyewe katika redio kuukuu ya kaseti, pamoja na mlio wake na kuku wake, pumzi ilikuwapo. Watu wazima wakacheka mahali pale pale ambapo nadhani waliocheka usiku ule wa kurekodi walicheka. Mjukuu naye akacheka, kisha akanyamaza. Akaomba ukanda urudishwe nyuma asikie tena.

KUNYOOSHA

Kikorombwezo cha tatu ndicho kilicho maarufu kuliko vyote leo. Mwaka 1997 Andy Hildebrand, Mmarekani aliyekuwa akitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi, alizigeuza hesabu hizo kupima sauti ya mwimbaji. Programu yake, Auto-Tune, huona sauti imeangukia wapi na kuisogeza mpaka mahali "sahihi". Mwaka 1998 mwimbaji Cher aliitumia waziwazi katika wimbo wake "Believe", na sauti ile ya kuvunjika vunjika ikaenea dunia nzima, hata katika bongo fleva na baadhi ya kaswida.

Lakini sahihi kwa nani? Programu hiyo ikiachwa katika ngazi ya piano yenye sauti 12, haitambui kilicho kati yake. Na muziki wetu wa pwani, uliopokea maqamu za Kiarabu, una sauti zinazokaa katikati. Katika maqamu ya bayati, sauti ya pili haiko kwenye ufunguo wowote wa piano. Iko baina ya funguo mbili. Wapigaji udi kama marehemu Zein l'Abdin Alamoody, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, waliweza kuipata kwa sababu shingo ya udi haina vizuizi vya kuipangia vidole mahali. Mtambo ukiisikia sauti hiyo huiona ni kosa, ukaisukuma juu au chini. Mwimbaji hakukosea; mtambo ndio usiojua bayati. Zipo njia za kuufundisha ngazi nyingine, lakini ni lazima fundi kwanza ajue kwamba zipo.

TULIKOTOKA

Isidhaniwe kwamba ninavipinga vikorombwezo. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, sauti iliandikwa moja kwa moja juu ya sahani ya nta. Aliyekosea alianza upya. Kikorombwezo cha fundi kilikuwa ni mahali pa kukaa tu: nani awe karibu na maikrofoni na nani arudi nyuma. Tangu hapo kila kizazi kimeongeza chake. Taarabu ya Mombasa iliipokea tashkota, chombo cha nyuzi chenye vibonyezo, ikatiwa umeme, na mlio wake mkali ukawa alama ya mji. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, nazo zilijaa mvumo na mwangwi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu neno la Bhalo lilibaki mbele. Hiyo ndiyo kanuni: kikorombwezo kimpambe mwimbaji, kisimfunike.

Ubaya wa kaseti ulikuwa mwingine. Ziliponakiliwa moja kutoka kwa nyingine, kila nakala ilipoteza wembamba kidogo na kuongeza mlio kidogo, hata nakala ya tano ikawa kama mtu anayeimba ndani ya godoro. Leo kunakili hakupunguzi kitu, lakini faili hukamuliwa ili liwe jepesi kutumwa kwa simu, nalo huanza kwa kutupa sehemu zile ambazo hesabu inadhani sikio halitazikosa. Hesabu hiyo haikufundishwa pumzi ya kaa.

MISIKITINI NA MADRASANI

Msomaji wetu atauliza: je, na vipaza sauti vya misikitini? Vikuza sauti vingi vinavyouzwa kwa ajili ya misikiti vina kitasa cha mwangwi, na kuna mahali kitasa hicho kimezungushwa mpaka mwisho. Mimi si mufti, na hukumu nawaachia wanazuoni. Nasema habari ya sikio tu. Aliyesoma tajwidi anajua kwamba kuna mahali pa kuvuta na kipimo chake, na kuna waqfu, mahali pa kusimama. Mwangwi haujui waqfu. Msomaji anasimama, wenyewe unaendelea. Anavuta mbili, wenyewe unaifanya nne. Herufi mbili zilizo karibu kwa matamshi, kama sini na swadi, zinaangukiana. Mihrabu ya msikiti wa kale, kwa umbo lake la kuzama ukutani, huirudisha sauti ya imamu kwa waliomo nyuma yake mara moja, bila ya kuirefusha. Wajenzi wetu walijua kuipeleka sauti mbali pasipo kuipotosha.

LA KUFANYA

Pale Mkokoni tulikubaliana mambo machache, nami nayaandika ili wenye kanda kama hizo majumbani wayatazame.

Kwanza, ukanda wa asili usiguswe. Uingizwe katika kompyuta kama ulivyo, kwa faili lisilokamuliwa, pamoja na mlio wake wote. Nakala ziwe tatu, tena zisikae nyumba moja. Ukitaka kusafisha, safisha nakala, wala usiifute ile ya kwanza. Huenda kesho pakapatikana chujio lenye sikio zaidi.

Pili, atakayesafisha asikae peke yake. Awepo mtu ajuaye lugha ya wimbo, naye asikilize neno kwa neno. Neno likipotea, kitasa kirudishwe.

Tatu, wazee walio hai warekodiwe sasa. Simu ya kawaida yatosha, ikiwekwa kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kwa upande kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Wakati wa kusi tafuta kikingio cha ukuta au mashua, na uitandike simu kitambaa chepesi. Mzee aimbe kwanza, kisha ayaseme maneno bila ya kuimba, ayaeleze na maana yake. Itajwe siku, pahali, na jina la aimbaye kama mwenyewe ameridhia.

Nne, na hili nalisema kwa ajili ya vijana, msione haya kutia vikorombwezo katika kazi yenu wenyewe. Mjukuu yule alitengeneza nakala nyingine ya kimayi cha babu yake, safari hii ameongeza mvumo mdogo tu, ameacha wembamba wa sauti mahali pake, na hakuinyoosha. Vijana waliipokea. Bibi naye aliisikiliza, akasema, "Huyu ni baba, ila amekaa karibu mno." Kwa mtu kama yule, hiyo ni sifa kubwa.

Mitambo itaendelea kubadilika, na vikorombwezo vitakuja vipya ambavyo leo hatuna hata majina yake. Kipimo chetu kiwe kimoja: mtu aliye mbali, asiyemjua mwimbaji wala kijiji chake, akilisikia neno "kaa", ajue kama anaambiwa habari ya moto au ya bahari.